Wagonjwa Walioambiwa Wamepona

Katika bweni hakuna neno linalouma kama kuambiwa, "Wewe wajitia ugonjwa." Aambiwaye hivyo hana la kujibu, maana homa hupimwa kwa kipimajoto na malaria huonekana katika damu, lakini uchovu hauna chombo cha kuupimia. Kwa sababu hiyo nilipopata habari za Bwana David Tuller, mwandishi wa habari wa Marekani, nilizisoma zote, na mahali palipokuwa na tarakimu nyingi mwalimu wetu wa Hesabu alinisaidia.

Uko ugonjwa uitwao uchovu sugu. Wenye ugonjwa huu hawakuchoka kama tunavyochoka sisi tutokapo shambani siku ya Jumamosi. Mara nyingi mtu huugua kwanza homa ya virusi, homa ikaondoka, lakini nguvu zisirudi. Hulala asiamke na nafuu. Tena akijikaza kufanya kazi ndogo tu, pengine kesho yake au kesho kutwa huzidiwa hata asiweze kuinuka kitandani. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu ya Marekani ilikadiria kuwa wagonjwa wa namna hii nchini humo ni kati ya 836,000 na 2,500,000, ikasema kwamba ni ugonjwa mzito wa mwili.

Zamani kidogo, madaktari kadhaa wa Uingereza walikuwa na fikra nyingine. Walidhani kwamba kinachomzuia mgonjwa ni hofu: anaogopa kujishughulisha, mwili unalegea kwa kukaa, na kule kulegea kunamzidishia hofu. Basi dawa ni kumbadilisha fikra kwa mazungumzo, au kumwongezea mazoezi kidogo kidogo. Ili kuthibitisha maneno hayo walifanya jaribio lililoitwa PACE. Wagonjwa walikuwa 641, na gharama ilikaribia pauni milioni 5, nyingi zikiwa fedha za umma. Wote walitibiwa na daktari bingwa. Kundi la kwanza likaongezewa mazungumzo, la pili mazoezi, la tatu likafundishwa kufanya kazi kwa kadiri ya nguvu zilizopo, na la nne halikuongezewa kitu.

Matokeo yalitokea katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet mwaka 2011. Mwaka 2013 wakuu wa jaribio wakaandika tena kwamba katika kila wagonjwa 100 wa mazungumzo, na vivyo hivyo wa mazoezi, 22 walipona, ilhali katika makundi mengine walipona 7 au 8 tu. Habari hizo zilienea upesi. Bwana Tuller mwenyewe aliziandika katika New York Times mwaka 2011. Ila wagonjwa hawakukubali, na wengine waliketi vitandani wakaichambua ripoti ile mstari kwa mstari. Bwana Tuller aliwasikiliza. Alikuwa na shahada ya udaktari katika afya ya jamii, kwa hiyo alijua kusoma ripoti za namna hiyo. Mwezi wa Oktoba 2015 alitoa uchunguzi wake, nao ulikuwa mrefu sana.

Hapa namwomba msomaji asome polepole. Mgonjwa alipimwa nguvu za mwili kwa maswali kumi: Je, unaweza kupanda ngazi? Kubeba vitu ulivyonunua? Kuoga mwenyewe? Alama zilianzia 0 mpaka 100, na mwenye nyingi ndiye mwenye nguvu. Ili akubaliwe kuwa mgonjwa wa kutosha kuingia katika jaribio, ilimpasa awe na 65 au chini yake. Mwanzoni wakuu waliandika kwamba hatahesabiwa amepona mpaka afikie 85. Lakini katika ripoti ya mwaka 2013 mpaka huo ulikuwa umeshushwa hata 60. Angalieni basi: mtu aweza kuingia na alama 65, atoke na 60, yaani amezidi kudhoofika, na katika kipimo hicho ahesabiwe amevuka! Asilimia 13 ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka katika kimojawapo cha vipimo viwili vikuu siku ya kwanza, kabla ya kutibiwa.

Hiyo 60 ilipatikanaje? Walichukua wastani wa watu wazima wa Uingereza, 84, wakatoa 24, ambacho ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika. Kumbe katika watu wale walikuwamo wazee na wagonjwa, na wachache wenye alama za chini sana huuvuta wastani. Mwalimu wetu alisema hesabu hiyo hufaa pale alama zinapojipanga sawasawa pande zote mbili za wastani, nazo hizi hazikujipanga hivyo.

Kulikuwa na mengine. Mwaka 2008, jaribio likiendelea, wagonjwa walipelekewa jarida lenye barua za wenzao zilizosifu matibabu. Hilo si dogo, maana matokeo makuu yalitegemea majibu ya wagonjwa wenyewe. Na walipopimwa kwa kutembea, kundi la mazoezi baada ya mwaka mzima lilitembea wastani wa mita 379 kwa dakika sita. Uwanja wetu wa michezo ni mita 400 kuuzunguka mara moja.

Wakuu wa jaribio walijibu kwamba mabadiliko yalifanywa kabla ya kuchambua matokeo, na kwamba wanasimama na kazi yao. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba tarakimu zenyewe kwa sheria ya Uingereza ya uhuru wa kupata habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary kilikataa, kikatumia karibu pauni 250,000 kwa mawakili, lakini mwaka 2016 baraza la rufani likaamuru zitolewe. Zilipohesabiwa kwa mpaka wa kwanza, waliopona kwa mazungumzo walikuwa 7 katika 100, kwa mazoezi 4, na makundi mengine 3 na 2. Tofauti hizo ni ndogo hata zingeweza kutokea kwa bahati.

Oktoba 2021 taasisi ya Uingereza inayowaongoza madaktari, NICE, iliacha kuyapendekeza mazoezi yale ya kuongezwa kwa ratiba, ikasema mazungumzo yasitolewe kama dawa ya kuponya. Lancet halikuifuta makala yake, na Bwana Tuller hakuacha kuliandikia barua.