Aksolotli: anajaa ndani ya maabara, anaisha ndani ya maji yake

Hapa kwetu kila mtoto anajua kiluwiluwi cha chura. Salamanda hatuna. Ni jamaa ya chura, lakini iko na umbo la mjusi na ngozi laini bila magamba. Mmoja wa Mexico, aksolotli, anabaki na umbo la utoto mpaka kufa. Mashavu yake ya kupumulia majini yanatoka nje ya kichwa kama manyoya, na anazaa akiwa hivyo hivyo.

Mwaka 1864 aksolotli 34 walipelekwa Paris. Wachache wakazaa, na uzao wao ukasambaa katika maabara za Ulaya. Wataalamu wanamupenda juu mguu wake ukikatika unaota tena.

Wanakuzwa namna gani? Jike anataga mayai mia kadhaa, na yanaanguliwa kisha wiki mbili au tatu. Kitoto kina urefu wa sentimita 1 hivi. Siku za kwanza kinaishi na kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kisha kinataka vijidudu vya maji vilivyo hai, juu hakirukii kitu kisichocheza. Maji yabadilishwe kila siku, chakula kilichobaki kisiozee humo. Na wasibanane: wakiwa wengi pamoja, wanang'atana miguu.

Basi, kama wanakuzwa, juu ya nini wanaisha? Kwao ni mifereji ya Xochimilco, ndani ya mji wa Mexico. Mwaka 1998 walihesabiwa 6,000 hivi kwa kilometa moja ya mraba. Mwaka 2014 walibaki 36. Maji ya mji yaliyachafua makao yao. Tena samaki wageni, karpe na tilapia, walioletwa ili kulisha watu, wanakula mayai na watoto wao. Ukimwaga watoto elfu moja ndani ya maji yale yale, umelisha tilapia tu.

Ndiyo maana watafiti na wakulima wa pale wanafunga vichungio kwenye mifereji midogo, samaki wasipite na maji yasafike. Aksolotli 18 wa maabara waliachiliwa katika maji yaliyotengenezwa vizuri, wakajitafutia chakula na kuishi. Waliokamatwa tena walikuwa wameongeza uzito.

Na sisi huku, kabla ya kumwaga samaki mgeni mtoni, tuulize kwanza: nani anataga mule?