Kidonge cha kinini: macho peke yake hayatoshi

Sokoni Baraka, si ajabu kukuta vidonge vimepangwa mezani karibu na sabuni na viberiti. Mama mwenye mtoto anayechomwa na homa ananunua vichache, kwa sababu bei ni ya chini. Lakini ndani ya kidonge kuna nini kweli?

Swali hilo si la bure. Kati ya mwezi wa Desemba 2014 na Agosti 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1,000 walipatwa na ugonjwa wa ajabu: shingo inajipinda, uso unakaza. Kwanza ilidhaniwa ni meninjiti. Baadaye vipimo vya maabara vilionyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Sasa maabara inajuaje? Njia moja inayotegemewa sana inaitwa kromatografia ya kimiminika. Kidonge kinasagwa, kinayeyushwa, halafu maji yake yanasukumwa kwa pampu ndani ya mrija mwembamba uliojazwa unga laini sana.

Fikiria watu wawili wanaotoka Mboko pamoja, kwa miguu, kuja Baraka. Mmoja anasimama kusalimia kila nyumba, mwingine anapita tu. Hawatafika saa moja. Ndivyo ilivyo ndani ya mrija: kitu kinachoshikamana na unga kinachelewa, kisichoshikamana kinatoka mbele. Mwishoni kuna taa maalum inayoona kila kimoja kikipita, na mashine inachora kilima. Saa ya kutoka inasaidia kutambua ni dawa gani. Ukubwa wa kilima unaonyesha ni kiasi gani.

Tuchukue kinini yenyewe. Inatoka katika ganda la mti wa kinkina, unaolimwa hapa kwetu Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinajulikana kwa kazi hiyo. Ganda hilo lina ndugu wanne: kinini, kinidini, sinkonini na sinkonidini. Kinini na kinidini zina atomu zilezile kwa hesabu ileile, ni mpangilio tu unaotofautiana. Lakini kinini ni ya malaria, na kinidini inajulikana zaidi kama dawa ya mapigo ya moyo. Macho hayawezi kuzitenga. Mrija unaweza.

Shida ni kwamba mashine hiyo ni ya bei kali na inataka umeme usiokatika. Si ya kuweka katika kila kituo cha afya cha Fizi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nunua dawa kwenye kituo cha afya au farmasi inayojulikana. Omba vidonge vikiwa katika pakiti yake, soma jina, namba na tarehe. Mgonjwa akibadilika vibaya, mrudishe haraka kwa muganga, na ubebe pakiti pamoja na vidonge vilivyobaki. Bila kidonge chenyewe, hata mashine nzuri haina cha kupima.