Nyama ya Sarara na Viazi: Mlo wa Nyumbani

Wasikilizaji wetu, wenyeji wa Kiberege na Ifakara hawahitaji kufundishwa kupika wali wala samaki wa mtoni; hayo mliyapata kwa mama zenu. Leo twataka kuzungumza nanyi habari za chakula ambacho wengi hudhani ni cha hotelini tu, yaani nyama ya steki ya kukaanga pamoja na viazi mviringo. Chakula hiki chaweza kupikwa juu ya mafiga matatu kwa sufuria moja na kikaango kimoja. Lakini mpishi sharti ajue mambo mawili: namna ya kulainisha nyama, na sababu ya kuiivisha mpaka ndani.

Zamani ng'ombe walikuwa wachache katika bonde la Kilombero kwa sababu ya mbung'o. Baadaye wafugaji walileta makundi makubwa, hata mwaka 2012 Serikali ikaondoa mifugo mingi ili kuyaokoa maji na majani ya bonde. Ng'ombe wa nundu hutembea mwendo mrefu akitafuta malisho, na nyama yake huwa ngumu. Mtu huinunua kwa fedha ya jasho lake, kisha ikamshinda meno, akamlaumu ng'ombe. Mara nyingi kosa ni la mpishi.

Nyama ni nyuzi nyingi zilizolala pamoja. Omba sarara, iliyo mgongoni. Ukiikosa, paja lafaa. Tazama nyuzi zimelala upande gani, kisha zikate kwa kukingama, wala usizifuate, upate vipande vya unene wa kidole. Vipige taratibu kwa mchi. Kisha ponda kipande kidogo cha papai bichi lenye utomvu, uipake nyama, uiache kwa nusu saa. Utomvu huo hulegeza nyuzi. Ukizidisha muda, nyama huwa kama uji. Ipanguse, utie chumvi na kitunguu saumu.

Viazi mviringo hupenda baridi, na kwa hiyo hustawi katika nyanda za juu, kama Njombe na Mbeya, kuliko katika joto la bondeni. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Usinunue vilivyogeuka kijani, maana vina sumu isiyokwisha kwa kuchemshwa. Vimenye, uvikate sawasawa, uvitie katika maji baridi yenye chumvi. Vichemshe kadiri ya dakika 20, mpaka kisu kipite bila nguvu. Mwaga maji, kisha vikaange pamoja na vitunguu.

Sasa pasha kikaango moto sana, utie mafuta kidogo na vipande viwili au vitatu tu. Ukikijaza, nyama hutoa maji ikachemka badala ya kukaangika. Igeuze mpaka iwe na rangi ya kahawia pande zote. Ndipo upunguze kuni, utie nyanya na maji kidogo, ufunike mpaka iwe laini.

Twaja kwa jambo la pili. Katika nchi za Ulaya watu wengi hupenda nyama iliyo nyekundu ndani. Twawasihi msiifuate desturi hiyo. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, mayai ya mnyoo huyo huenea majanini, ng'ombe akayala. Ndani ya nyama yake hutokea vifuko vidogo, na mtu alaye nyama hiyo mbichi hupata tegu tumboni, ambaye aweza kupita urefu wa mita 5. Moto huua vifuko hivyo. Basi, kata kipande kilicho kinene kuliko vyote: kikiwa bado chekundu ndani, kirudishe motoni. Tena nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, osha kwa sabuni kisu na ubao uliokatia nyama mbichi, na kila nyumba iwe na choo, maana hapo ndipo njia ya tegu hukatwa.

Wahenga walisema, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Na nyama ni vivyo hivyo: ng'ombe yule yule aweza kuwashinda wazee meno, au kuwafurahisha wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wakalala salama. Kwaherini.