Balozi: Neno Lililoanzia kwa Hamali

Wengi wa watu wa pwani wakiulizwa asili ya neno balozi hujibu bila kusita kuwa ni Kiarabu. Hata wanafunzi wetu wa madrasa hulihesabu pamoja na hakimu, katibu na waziri. Lakini Mwarabu mwenye kusema lugha yake kwa ufasaha humwita balozi safir, na konseli humwita qunsul. Neno hili la pili limetoka kwa Warumi, ambao kila mwaka walichagua makonseli wawili wa kuwatawala. Basi balozi limetoka wapi?

Nalo ni la Warumi. Katika Kilatini, baiulus ni mchukuzi wa mizigo, yaani hamali. Baadaye cheo chake kikapanda. Katika kasri za Rumi ya Mashariki, mlezi wa mtoto wa mfalme aliitwa kwa neno hilo, kwani naye amebebeshwa kitu kizito. Kwa Waingereza likawa bailiff, yule mtumishi wa mahakama ajaye kukamata mali ya mdaiwa. Na hakuna nyumba imwonayo ikafurahi. Watu wa Venice, mji wa wafanya biashara katika Italia, walimwita bailo mwakilishi wao akaaye Stambuli.

Sultani Muhammad wa Pili aliuteka mji huo mwaka 1453, na mwaka uliofuata akafanya mkataba na Venice. Bailo akakaa pale, akiamua kesi za wafanya biashara wa kwao na kuwapelekea wakubwa wake habari. Waturuki wakalitamka jina lake balyos. Dola ya Venice ilikufa mwaka 1797 mikononi mwa Napoleon, lakini neno lake lilikuwa limekwisha safiri: Baghdad na katika Ghuba, mwakilishi wa Mwingereza aliitwa balyuz. Na kutoka Ghuba hadi Unguja ni upepo mmoja tu wa kaskazi.

Richard Waters, konseli wa Marekani, alifika Unguja mwaka 1837, na Hamerton wa Uingereza mwaka 1841. Wenyeji wakawaita mabalozi, na kamusi za karne ile zinalifasiri neno hilo kuwa konseli, si mjumbe mkuu wa dola. Lakini yatazameni yaliyotokea mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la enzi. Basil Cave, aliyekuwa akishika nafasi ya konseli mkuu wa Uingereza, akamtaka atoke. Hakutoka. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Hapo mchukuzi wa maneno ya mfalme wake alikuwa amekwisha kuwa bwana wa nyumba ya wenyewe.

Khalid alikimbilia wapi? Katika nyumba ya balozi mwingine, wa Ujerumani. Waingereza walimngojea nje, nao Wajerumani wakakataa kumtoa. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilisogea hadi mlangoni, naye akaingia humo bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, akachukuliwa Dar es Salaam. Neno moja lilitumika siku hizo kwa aliyemfukuza na kwa aliyemhifadhi.

Nchi zetu zilipopata uhuru, Tanganyika mwaka 1961, Zanzibar na Kenya mwaka 1963, zilihitaji jina la wajumbe wao wakuu. Balozi akapandishwa cheo, na konseli, mwenye jina hilo tangu hapo kale, akawa balozi mdogo! Sisi hatuoni kuwa amedhulumiwa sana, maana ndiye mtu wetu anayemwendea akipoteza pasi ugenini, au akifiwa na ndugu huko na kutaka maiti arudishwe kwao.

Huku Tanzania yuko wa tatu, asiye na bendera wala gari: balozi wa nyumba kumi. Jirani wakigombana usiku huenda kumgongea yeye, na mgeni akihamia hupelekwa kwake kwanza ajulishwe.