Dawa ni ya Zamani, Kifaa Ndicho Bado Kina Mwenyewe

KAMA una pumu, au unaishi na mtu mwenye pumu, chukua ile inhela ya unga uiweke mbele yako. Ile ya duara ya zambarau, ile unayozungusha kitako, au ile ya kutumbukiza kapsuli. Sasa nijibu: pesa uliyotoa pale kemisti ililipia nini?

Utasema dawa. Ni kweli, lakini si dawa pekee. Umelipia pia plastiki, springi, kidirisha cha kuhesabu dozi na kale kamlango kanakolia “ka!” ukikafungua. Kila kimojawapo kinaweza kuwa na hataza yake, yaani ile haki ya kisheria inayompa mvumbuzi miaka 20, tangu siku alipopeleka ombi, ya kutengeneza na kuuza kitu chake bila mwingine kukigusa.

Ndiyo maana unaweza kukuta dawa iliyo ndani imezeeka kukuliko wewe, ila kidude kilichoibeba bado kina mwenyewe. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie lekcha. Ila hii stori inagusa pumzi yako na mfuko wako, hebu tuipige msasa kidogo.

Injini ni mapafu yako

Tuelewane kwanza. Inhela ya kawaida ya mkebe, kama ile ya buluu ya salbutamol, ina gesi. Ukibonyeza, gesi inasukuma dawa nje. Inhela ya unga haina gesi wala betri. Dawa imekaa kama unga mkavu, na nguvu ya kuitoa ni ya pumzi yako mwenyewe. Usipovuta kwa nguvu, haitoki sawasawa.

Shida iko hapa: ili dawa ifike ndani kabisa ya mapafu, chembe zake zinapaswa kuwa na upana wa kati ya maikroni 1 na 5. Unywele wako mmoja una unene wa kati ya maikroni 50 na 100, kwa hivyo piga picha hiyo. Chembe zikiwa kubwa, zinagonga koo na kuishia tumboni. Zikiwa ndogo kupita kiasi, unazitoa tena ukipumua.

Na unga mwembamba hivyo una tabia ya kushikana, kama unga wa chapati uliopata unyevu. Basi watengenezaji wengi huupakaza juu ya punje kubwa zaidi za laktosi, ile sukari ya maziwa. Ukivuta kwa nguvu, hewa inazungushwa ndani ya kifaa, dawa inabanduka kwenye punje na kuendelea na safari, laktosi inabaki mdomoni. Ndiyo sababu inhela nyingine zinaacha utamu kidogo kwa ulimi.

Kwa hivyo njia ya hewa ndani ya kidude, kona zake, wavu wake na jinsi dozi inavyopimwa, si mapambo. Ukibadilisha umbo hilo unaweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachofika kwenye mapafu. Hapo kampuni ziko sawa kabisa zikisema ubunifu ni kazi.

Daktari aliyejichokoza pumu

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka wa 1864, jijini London, Alfred Newton alipata hataza ya kifaa cha kuvuta dawa ya unga, na tayari alikuwa anajua kwamba unga lazima usagwe laini na ukae mkavu. Mwaka wa 1948 kampuni ya Abbott ya Marekani ilileta sokoni Aerohalor, iliyokuwa na kigololi cha chuma ndani. Ukivuta, kigololi kinagonga kikebe cha dawa na unga unadondoka kwenye hewa.

Lakini mwenye stori tamu kuliko wote ni Roger Altounyan. Alizaliwa Syria, akawa daktari Uingereza, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifunza marubani kuendesha ndege. Alikuwa na pumu. Akifanya utafiti chini ya kampuni iliyokuja kuwa ya Fisons, alikuwa anavuta kwa makusudi vitu vya kuamsha pumu yake, halafu anajaribu dawa mpya kwenye mapafu yake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa miaka.

Dawa iliyopatikana, kromoglaiketi, asili yake ilikuwa utafiti juu ya mmea wa khella uliotumika tangu zamani Mashariki ya Kati. Ilihitaji kuvutwa kwa wingi, kwa hivyo akaunda kifaa chenye propela ndogo kama ya ndege. Ukivuta, propela inazunguka na kapsuli inamwaga unga. Waliiita Spinhaler.

Mwaka wa 1977 Glaxo ikaja na Rotahaler ya kapsuli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Astra ya Sweden ikaleta Turbuhaler, ile ya kuzungusha kitako, yenye dozi nyingi ndani ya kifaa kimoja. Kisha ikaja Diskus, ambayo katika nchi nyingi huitwa Accuhaler: ndani kuna utepe wa karatasi ya madini wenye vifuko 60, na kila ukisukuma wenzo kifuko kimoja kinafunguliwa.

Hesabu ya zambarau

Sasa tuingie kwenye ganji. Inhela ya Diskus iliyotikisa soko ni Advair ya GSK, yenye flutikasoni na salmeteroli. Dawa zote mbili zilikuwa zikiuzwa kila moja kivyake tangu miaka ya 1990. Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo mwaka wa 2000.

Hataza ya mchanganyiko wa dawa ilikwisha mwaka wa 2010. Ungedhani siku iliyofuata nakala za bei nafuu zingejaa madukani. Wapi! Hataza za kifaa zilisonga hadi 2016. Na hata hapo, kampuni ya Mylan ilipoleta nakala yake, mwaka wa 2017 ilirudishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Ilipita Januari 2019. Zaidi ya miaka minane tangu hataza ya dawa iishe.

Kwa nini hivyo? Kunakili kidonge ni jambo moja. Kunakili inhela ya unga lazima uthibitishe kwamba dawa inafika mapafuni kwa kiasi kilekile, na kwamba mgonjwa aliyezoea ile ya kwanza ataweza kutumia yako bila kuhangaika. Sasa jaribu kufanya hivyo huku umbo lenyewe likiwa na mwenyewe kisheria.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Health Affairs ulikagua inhela 53 zenye chapa zilizoidhinishwa Marekani kati ya 1986 na 2020. Zaidi ya nusu ya hataza zilikuwa za vifaa, si za dawa. Na kati ya zote 53, ni moja tu iliyoleta dawa inayofanya kazi kwa namna mpya kabisa. Soma hiyo sentensi tena.

Kuna mchezo mwingine. Marekani kuna orodha rasmi ambapo kampuni husajili hataza za dawa zake. Mpinzani akitaka kuleta nakala, mwenye hataza akimshtaki kwa wakati, idhini inaweza kusimamishwa hadi miezi 30. Kwa hivyo kujaza orodha ni kama kuegesha matatu katikati ya barabara.

Novemba 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipinga zaidi ya hataza 100 kwenye orodha hiyo, nyingi zikiwa za inhela. Kisha kesi ya Teva na Amneal, kuhusu inhela ya gesi, ikafika mahakamani. Hataza tano za Teva zilihusu mambo ya kifaa kama kihesabu dozi. Juni 2024 mahakama ya New Jersey iliamuru ziondolewe, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ikakubali: kama hataza haidai dawa yenyewe, haina kazi kwenye orodha hiyo.

Mwaka huohuo wa 2024, kampuni kubwa tatu, AstraZeneca, Boehringer Ingelheim na GSK, zilitangaza kwamba Wamarekani wengi hawatalipa zaidi ya dola 35 kwa mwezi kutoka mfukoni. Kumbe iliwezekana.

Na sisi huku?

Hataza ina mipaka kama pasipoti. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Nairobi, mpaka isajiliwe hapa kupitia KIPI, au kupitia shirika la ARIPO lenye makao yake Harare. Umbo la nje nalo lina ulinzi wake: Kenya hutoa miaka mitano, inayoweza kuongezwa mara mbili hadi 15.

Tena tuna silaha. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, iliyopiganiwa wakati dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilikuwa ghali kama dhahabu, inaruhusu kuingiza dawa iliyouzwa kihalali nje kwa bei nafuu bila kumpigia magoti mwenye hataza. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu 2017, limeiweka inhela ya unga ya budesonidi na formoteroli kwenye orodha ya dawa muhimu. Na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema kutegemea ile ya buluu peke yake si salama kwa watu wazima na vijana. Inakupa pumzi sasa hivi, ila uvimbe kwenye njia za hewa unabaki palepale.

Kwa hivyo ukienda kemisti, uliza kwa jina la dawa, si kwa rangi wala chapa. Uliza kama kuna nakala iliyosajiliwa.

Lakini usibadilishe kifaa kimyakimya. Mwambie daktari, na mfamasia akuonyeshe kwa mkono. Mwaka wa 2008 FDA ilibidi itoe onyo kwa sababu watu walikuwa wanameza kapsuli za inhela kama Panadol. Usipulize ndani ya kifaa, unyevu wa pumzi unagandisha unga. Usiiweke bafuni. Kama ina steroidi, sukutua mdomo na uteme. Na ukibanwa kiasi kwamba huwezi kuvuta kwa nguvu, unga huenda usitoke vizuri, kwa hivyo panga mapema na daktari utakachotumia siku hiyo.

La mwisho ni kwenu mnaochora vitu kwenye kompyuta na kuviprinti pale gikomba ya teknolojia. Kupata hataza kuna masharti: lazima ueleze hadharani jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, na muda ukiisha ni mali ya kila mtu. Michoro ya vifaa vya zamani, propela na kapsuli zote, iko mtandaoni, bure, kurasa kwa kurasa. Hakuna wa kukushtaki ukianzia hapo. Andika neno “inhaler” kwenye Google Patents leo usiku, uone ni wangapi washaacha mlango wazi.