Rangi kumi na sita za Kituku

Katika michezo mingi ya kompyuta ardhi ni ya kahawia, njia ni za mchanga, na maji yana buluu ya bwawa la hoteli. Goma, mashariki mwa Kongo, haiko hivyo. Hapa tunakanyaga mawe meusi ya Nyiragongo, mlima uliotapika moto mwaka 1977, 2002 na 2021, na lava ya 2002 ilipita katikati ya mji. Pale kwenye bandari ya Kituku, boti za Minova na Idjwi zinaposhusha ndizi, mihogo na magunia ya makaa, Ziwa Kivu huwa la kijani au la kijivu kulingana na mawingu. Kijana anayetaka kutengeneza mchezo wa bandari hiyo hatapata rangi zake tayari mahali popote.

Maumbo, hata hivyo, atayapata. Tovuti ya OpenGameArt, iliyoanza 2009, ina maelfu ya spraiti za bure, yaani zile picha ndogo za watu, miti na vyombo zinazotembea ndani ya mchezo. Shindano la Liberated Pixel Cup la 2012 liliacha hazina kubwa ya watu na majumba ambayo yeyote anaruhusiwa kuyabadilisha, mradi awataje waliochora na atoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Kinachobaki ni kupaka rangi upya, na watu wengi huidharau kazi hiyo hadi waijaribu.

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Mashine ya Nintendo iliyochezesha Super Mario Bros. mwaka 1985 iliipa kila spraiti rangi tatu tu, pamoja na sehemu isiyoonekana. Ndiyo maana nywele, shati na viatu vya Mario vilitumia rangi moja. Luigi, ndugu yake, alikuwa Mario yuleyule aliyebadilishiwa rangi, na vichaka vya chini vilikuwa mawingu ya juu yaliyopakwa kijani. Katika Mortal Kombat ya 1992, Scorpion wa njano na Sub-Zero wa buluu walitokana na mwigizaji mmoja mwenye vazi moja. Mama anayeuza vitenge hashangai: anajua ua lilelile huletwa kwa rangi nne, na wateja wanne huondoka kila mmoja akiamini lake ni tofauti.

Sasa kazi yenyewe. Programu ya picha ya GIMP ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta iliyochoka. Fungua picha, nenda kwenye modi, chagua ile ya indeksi, na ukatae ule mchanganyiko wa vidoti ambao programu inaweza kuuongeza. Kuanzia hapo kila nukta ya picha haibebi rangi tena, inabeba namba, na jedwali dogo pembeni linasema namba 5 ni rangi gani. Badilisha namba 5 ndani ya jedwali, na kila nukta yenye namba hiyo inabadilika papo hapo. Spraiti ya nukta 32 kwa 32 yenye rangi 16 hula baiti 512 kabla ya kubanwa. Ikibeba rangi kamili hula 3,072. Kwa anayenunua megabaiti za intaneti kidogo kidogo, tofauti hiyo si ndogo mchezo ukiwa na spraiti mamia.

Tumia penseli, si brashi, kwa sababu brashi hulainisha kingo na kuziharibu. Na usimtumie mwenzako picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: itabanwa, na rangi zako 16 zitarudi zikiwa zimezaa nyingine chungu nzima. Itume kama dokumenti, ikiwa PNG.

Penye ugumu hasa ni ngozi. Spraiti nyingi za bure zilichorwa kwanza kwa mtu mweupe. Mpakaji mwenye haraka hupunguza mwanga tu, na anachopata ni sura ya majivu, macho yamezama, mstari wa nje umemezwa na shavu. Ngozi yetu haipatikani kwa kumimina weusi juu ya weupe. Kivuli kivute kuelekea wekundu wa zambarau, katikati pawe kahawia yenye joto, na pale mwanga unapogonga paji la uso weka chungwa iliyofifia, au hata buluu kidogo ya ziwa. Kabla ya hapo kagua jedwali: mara nyingi mstari wa nje, nywele na macho vinashirikiana namba moja. Vitenganishe kwanza, kila kimoja na namba yake, la sivyo ukigusa kimoja umevigusa vyote. Michezo mingi yenye Waafrika imekwama hapo, na sioni sababu nyingine zaidi ya uvivu.

Hesabu ya Kituku inaenda hivi. Lava inataka rangi tatu, na hata moja kati yake isiwe nyeusi tupu. Mbao za boti na za chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zinataka nne, na hizohizo zitumike kwenye nyuso. Ziwa mbili. Ndizi na mboga kijani mbili. Njano mbili za bidoni za maji, ambazo pia zitawasha taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, usiku. Nyeupe moja, na nafasi moja ya uwazi. Hizo ni kumi na tano.

Ya kumi na sita wengi wangeipa kitenge chekundu. Mimi nakataa. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiiona kutoka ufukweni, na makumi ya abiria wakafa. Ewe unayechora bandari hii, nafasi ya mwisho iwe chungwa kali ya jaketi za kuokolea, na umvalishe kila abiria wako.