Kubadili Video kwa PSP: Usile Mbegu

Leo tujifunze jambo ambalo vijana wetu hulifanya kwenye kompyuta, na sisi watu wazima tunaishia kutazama tu. Jambo lenyewe ni kubadili video ili ionekane kwenye PSP.

PSP ni nini? Ni kifaa cha michezo cha kushika mkononi, kilichotengenezwa na kampuni ya Sony. Kilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2004. Sony iliacha kukitengeneza mwaka 2014, lakini kilicho kizima bado kinafanya kazi. Mbali na michezo, kinaonyesha video pia.

Mbona basi video ya simu inakataa kucheza humo? Sababu kubwa ni mbili.

Kwanza ni ukubwa. Picha ya video ni vinukta vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu. Kioo cha PSP kina vinukta 480 kwa upana na 272 kwa kimo. Jumla ni 130,560. Simu nyingi za siku hizi hupiga video yenye vinukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Huo ni mzigo wa karibu mara 16! PSP haiuwezi.

Pili ni namna ya kufungasha. Faili ya video ni kama gunia. MP4 au AVI ni jina la gunia tu. Ndani yake mna picha na sauti zilizobanwa kwa utaratibu fulani. PSP inaujua utaratibu wa H.264 kwa picha, na AAC kwa sauti. Basi ukibadili jina la gunia peke yake hujafanya kitu, maana mzigo wa ndani ni ule ule.

Tufanyeje? Fuata hatua hizi:

1. Weka kwenye kompyuta programu iitwayo HandBrake. Ni ya bure.

2. Fungua video yako ndani yake. Chagua MP4, kisha H.264 ya kiwango cha 3.0, na sauti ya AAC.

3. Upana usizidi 480, wala kimo kisizidi 272. Usiuvuruge uwiano wa picha, la sivyo watu wataonekana wanene au warefu kupita kiasi.

4. Picha zisizidi 30 kwa sekunde.

5. Unganisha PSP na kompyuta kwa waya wa USB. Nakili faili mpya kwenye folda ya VIDEO iliyo katika kadi yake. Kama folda haipo, itengeneze.

Angalia pia programu ya ndani ya PSP. Iwe toleo la 3.30, lililotoka mwaka 2007, au la baadaye.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kubadili video ni sawa na kusaga mahindi. Unga unapikika, lakini haurudi tena kuwa mahindi. Vinukta vilivyotupwa vimekwenda. Hata ukiikuza ile video ndogo, utapata ukungu tu.

Tuseme kijana amempiga video babu yake akionyesha mpaka wa shamba: jiwe hili, mti ule. Anaibadili ili aitazame kwenye PSP, kisha anaifuta ile ya kwanza apate nafasi. Miaka inapita, babu hayupo, ugomvi wa mpaka unazuka. Wanaifungua video. Sauti ipo, lakini lile jiwe halitambulikani. Nani atamwita babu arudi aonyeshe upya?

Kwa hiyo, ndugu zetu, video ya kwanza ni mbegu. Kabla ya kubadili, iwekeni mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye kadi nyingine. Ile ndogo ikipotea, mtatengeneza nyingine kwa muda mfupi. Mkulima husaga mahindi ya kula, lakini mbegu haipeleki mashineni.